Daftari, Mita na Cheti cha Kuzaliwa: Namna ya Kujenga Klabu ya Mpira Yenye Mfuko Mdogo Lubumbashi

Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo, ni mgumu kwa klabu ndogo. Pale Kamalondo wapo TP Mazembe, mabingwa wa Afrika wa 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, waliofika hata fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010. Wapo Saint-Éloi Lupopo, watoto wa reli, waliozaliwa mwaka mmoja na Mazembe, 1939. Mtoto wa hapa hupewa timu kabla ya kupewa viatu. Ukianzisha klabu leo katika komuni (sehemu za mji) za Katuba, Kenya au Ruashi, mchezaji wako mzuri macho yake yako kwa wale wawili, na anayekuja kumchukua ana basi, ana daktari, ana tereni (uwanja) yenye majani. Kushindana naye kwa pesa ni kujichosha bure.

Naandika haya kwa sababu ya kijana mmoja. Nilikuwa katibu wa timu ya mtaa huko Katuba kwa miaka mingi. Kijana huyo alikuja kwetu akiwa na miaka 12, tukamlea miaka minne. Mke wa kocha ndiye aliyempikia bukari (ugali) siku za mechi. Akiwa na miaka 16 klabu kubwa zaidi ilimchukua, na baadaye akavuka mipaka, akauzwa kwa pesa nzuri. Tulipokwenda kuulizia haki yetu, tuliulizwa swali moja: leseni yake kwenu ilikuwa namba ngapi? Hatukuwa nayo. Tulikuwa na picha mbili za timu, na katika moja kichwa chake kimefichwa na bendera. Hatukupata hata faranga.

Tangu siku hiyo naamini kwamba mali ya klabu maskini ni kile ilichokiona mapema na kukiandika. Kuona tu hakutoshi. Sisi tulimwona kabla ya wote. Mwongozo huu ni wa kamati ndogo, watu watano au sita, wenye daftari, simu moja yenye kamera, mita ya fundi cherehani na uvumilivu wa misimu mitano.

Hatua ya 1: Jua pesa zinakokwenda

Chukua msimu mmoja uliopita, andika kila kitu kilicholipwa: usafiri, maji, mipira, waamuzi, leseni, dawa, chakula cha baada ya mechi, na zawadi ndogondogo ambazo hakuna anayependa kuzitaja. Kisha tenga sehemu mbili: iliyowafaidi wachezaji wenye zaidi ya miaka 27, na iliyowafaidi walio chini ya miaka 20.

Katika timu nyingi za mtaa nilizozijua, sehemu kubwa ilimezwa na wakongwe wawili watatu waliowahi kuvaa jezi ya timu kubwa. Mkongwe analeta watu uwanjani Jumapili ya kwanza, hilo ni kweli. Lakini akiumia goti pesa imekufa, na hata akicheza vizuri hakuna atakayekuja kumnunua. Mbakishe mmoja, na awe mtu mwenye subira ya kufundisha watoto. Wengine washukuruni kwa heshima, mbele ya watu, na pesa zao zihamie kwa vijana.

Hatua ya 2: Andikeni mechi zenu kabla ya kumtafuta mtoto yeyote

Watu wakisikia neno takwimu wanafikiri kompyuta na kamera za Ulaya. Anzeni na karatasi. Watu watatu wanatosha, na wawili kati yao wanaweza kuwa wanafunzi wa sekondari wanaopenda hesabu.

Wa kwanza anaandika dakika: nani ameanza, nani ametoka, nani ameingia, saa ngapi. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini bila dakika hesabu nyingine zote ni uongo. Wa pili ana karatasi iliyochorwa nusu ya uwanja, na kila shuti linapopigwa anaweka alama pale aliposimama mpigaji: duara kwa mguu, msalaba kwa kichwa, na kama ni bao anapaka rangi. Anafanya hivyo kwa timu zote mbili. Wa tatu amegawa uwanja sehemu tatu, nyuma, katikati na mbele, na anaandika jina la kila aliyepokonya mpira na kila aliyeupoteza, na ni sehemu gani.

Kwa nini mahali pa shuti ni muhimu kuliko idadi ya mabao? Bao ni kitu adimu, na kitu adimu hudanganya. Waliohesabu maelfu ya mashuti wameona kwamba penalti huingia zaidi kidogo ya mara tatu katika kila nne, na kwamba shuti la kutoka nje ya eneo la hatari huingia kwa nadra sana, hata lipigwe kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo mshambuliaji anayepata nafasi nne kila mechi karibu na lango, halafu anakosa, ana thamani kuliko yule aliyefunga mabao mawili ya mbali ambayo mtaa mzima unayazungumza. Wa kwanza atafunga kesho. Wa pili anaweza kumaliza miezi sita bila kurudia.

Baada ya mechi kumi na mbili, fanyeni hesabu kwa kila dakika 90. Tuseme Mshambuliaji A amefunga mabao 6 katika dakika 1,080, na B amefunga 4 katika dakika 400. Mtaa utasema A ni bora. Zidisha mabao kwa 90, gawanya kwa dakika: A anapata 0.5, B anapata 0.9. Toeni penalti kwanza, kwa sababu penalti ni kazi ya aliyechaguliwa kupiga. Hata hivyo msimkimbilie B papo hapo. Dakika 400 hazifiki mechi tano, na mechi tano zinaweza kumpendelea yeyote. Mwongezeeni dakika, muendelee kuandika.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo hutalipata katika mafundisho ya Ulaya. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Machi au Aprili. Mwezi wa Januari tereni nyingi za Katuba na Ruashi ni matope. Julai ni vumbi jekundu na ardhi ngumu kama saruji. Winga mwepesi anayeonekana wa ajabu Julai anaweza kuonekana hana kitu Januari, na beki mzito kinyume chake. Kwenye kila karatasi andikeni hali ya uwanja, na mlinganishe matope na matope, vumbi na vumbi. Sisi tulimwacha kijana mmoja mwezi wa Februari tukidhani hana kasi. Hadi leo hilo linaniuma.

Hatua ya 3: Simu juu ya ngazi

Rekodini mechi kutoka juu, ukutani, juu ya ngazi au juu ya kibanda, simu ikiwa imelazwa kwa ubavu na ikionyesha wachezaji wengi kwa pamoja. Msimfuate mwenye mpira. Umeme ukikatika ovyo, nunueni betri ya akiba kabla ya kununua jezi mpya. Hifadhini kila mechi kwenye kadi mbili zinazolala nyumba mbili tofauti. Dakika tatu za video safi za kijana, zenye tarehe na jina la mpinzani, zitafungua mlango ambao barua kumi hazitafungua.

Hatua ya 4: Tafuteni mtoto ambaye mkubwa hamwoni

Hapa ndipo klabu ndogo inaponusurika au kufa, kwa hiyo nitakaa.

Afrika imeshaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1994 ASEC Mimosas ya Abidjan ilifungua shule ya mpira chini ya Jean-Marc Guillou. Mwaka 1999 klabu iliwapanga vijana wa shule ile dhidi ya Espérance ya Tunis katika Super Cup ya Afrika, wakashinda 3-1. Ndani yao alikuwamo Kolo Touré. Nchini Senegali, Génération Foot ilishikana mkono na FC Metz ya Ufaransa, na kwa njia hiyo akapita Sadio Mané. ASEC ilikuwa klabu kubwa tangu zamani, siwezi kusema ilikuwa maskini. Lakini kilichoshinda siku ile kilikuwa watoto waliofundishwa pamoja miaka mitano, na hicho hakinunuliwi sokoni.

Kwanza chora ramani. Wawindaji wa timu kubwa wanakwenda wapi? Wanakwenda kwenye mashindano yanayojulikana, tereni zilizo karibu na lami. Basi ninyi nendeni Kasungami, Kisanga, Kalebuka, kule barabara inakoishia. Nendeni Kipushi, kilomita kama 30 tu. Nendeni kwenye mechi za shule siku za katikati ya wiki na kwenye viwanja vya parokia Jumamosi asubuhi. Gawaneni: kila mtu wa kamati ana komuni yake, na kila mwezi analeta majina matatu, si zaidi. Anayeleta majina ishirini hajaangalia.

Pili, jihadharini na mwili. Mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huohuo wanacheza kundi moja, lakini wanaachana karibu mwaka mzima. Kwa mtoto wa miaka 12, mwaka ni sehemu moja ya kumi na mbili ya maisha yake yote. Katika nchi nyingi shule za mpira zimejaa watoto wa miezi ya mwanzo wa mwaka, si kwa sababu Mungu anawapenda zaidi, bali kwa sababu makocha huchagua waliotangulia kukua na kudhani wamechagua wenye kipaji. Timu kubwa za hapa nazo zina haraka ya kushinda. Basi mfupi wa Oktoba, Novemba, Desemba, anayesukumwa na wenzake lakini bado anapata mpira, huyo ndiye wenu. Akifika miaka 17 urefu utakuwa umemfikia, na akili aliyoijenga akiwa mdogo haitaondoka.

Hapo mita ya fundi inafanya kazi. Mpimeni kila mtoto urefu akiwa amesimama bila viatu, mgongo ukutani, kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, mtu yuleyule akipima. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 13 na 14, sentimita 8 au zaidi kwa mwaka, na kwa watoto wasiokula vizuri kasi hiyo inaweza kuchelewa. Mkiona ameongezeka sentimita 2 au zaidi ndani ya miezi mitatu, yuko katika kipindi hicho. Atakuwa kama amesahau kucheza, miguu haimtii, na atalalamika maumivu chini ya kifuniko cha goti au kisiginoni. Punguzeni kuruka na kukimbia kwenye ardhi ngumu. Msimfukuze. Ni makosa ya kila siku kwenye tereni zetu: mtoto alikuwa mzuri, akarefuka, akaharibika kwa miezi minane, akaachwa, akaenda kusukuma mkokoteni wa mkaa.

Tatu, muangalie nini? Si chenga. Chenga kila mtaa unazo. Angalieni mara ngapi anageuza kichwa kutazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Hesabuni kwa dakika kumi. Angalieni akiupoteza mpira anachukua sekunde ngapi kabla ya kuanza kuufuata. Angalieni kama anathubutu kutumia mguu wa pili. Na mwangalieni mara tatu: siku timu yake inashinda, siku inapigwa, na siku anacheza na waliomzidi umri. Katika kupigwa ndipo utamjua.

Watazamaji wawe wawili, na wasizungumze. Kila mmoja anaandika alama kutoka 1 hadi 5 kwa mambo manne: kuona, kuamua, mguu, moyo. Baadaye mnalinganisha. Mkitofautiana kwa alama mbili au zaidi, mtu wa tatu anakwenda bila kuambiwa mliandika nini. Utaratibu huu ulitukera mwanzoni, hasa wazee wa timu walioamini jicho lao. Lakini jicho la mzee mmoja lilikuwa limeshapendelea watoto wa avenyu yake kwa miaka kumi, na yeye mwenyewe alipoona karatasi zimepangwa mezani alikubali.

Msisahau mlango mwingine: waliotemwa. Brentford, klabu ndogo ya London, ilifunga shule yake ya watoto mwaka 2016 kwa sababu klabu kubwa za jirani zilikuwa zikiwachukua watoto wake bila malipo ya maana. Badala yake ikaunda timu ya pili ya vijana walioachwa na wakubwa hao, ikawachagua kwa takwimu, na mwaka 2021 ikapanda Ligi Kuu ya Uingereza. Lubumbashi kila mwaka kuna vijana wa miaka 17 na 18 wanaoambiwa na timu kubwa kwamba hawatoshi. Wamefundishwa vizuri, wamelishwa, na wana hasira ya kutaka kuonyesha. Wapigieni simu wiki ileile. Kwa wadogo tumieni ramani. Kwa hawa pelekeni dakika za kucheza, ndicho kitu pekee ambacho mkubwa hakuwapa.

Na wasichana. Mazembe ya wanawake ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2024, na tangu hapo nimeona wasichana wengi zaidi wakicheza Kampemba na Ruashi, lakini wanaokwenda kuwaangalia bado wachache. Kwa klabu ndogo, nafasi hiyo iko wazi kabisa.

Hatua ya 5: Ingieni nyumbani kwa mlango

Mtoto hachukuliwi uwanjani. Mnaanza nyumbani kwao, watu wawili, mmoja wao akiwa mama au dada wa kamati, na mnakwenda jioni wakati wazazi wapo. Mama mmoja wa Kasungami alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza swali moja: “Papa, ule mpira yenu, utamurudisha mwana nyumba saa ngapi?” Hakuuliza kuhusu pesa wala kuhusu Ulaya, na tulikuwa hatujajiandaa. Sasa tunaandika saa kwenye karatasi na kuiacha mezani: mazoezi siku tatu, kuanza na kumaliza, nani anamsindikiza.

Elimu ya msingi ya serikali ilitangazwa bure tangu mwaka wa shule wa 2019, lakini daftari, sare na sekondari bado zinamlemea mzazi. Ikiwa mna dola kumi za kumsaidia mtoto, zipelekeni shuleni kabla ya viatu vya mpira. Ombeni bulletin yake (ripoti ya alama za shule) kila kipindi na muibandike kwenye faili lake. Anayeporomoka darasani apumzishwe mechi moja, si adhabu ya mwezi.

Masharti mawili hayana mjadala. Klabu haichukui pesa kwa mzazi ili mtoto acheze. Na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, iwe garini, chumbani au safarini.

Hatua ya 6: Makaratasi, kuanzia miaka 12

Hii ndiyo hatua tuliyoikosa sisi.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Kongo inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya siku 90, na wengi hawakuandikishwa. Baada ya muda huo lazima kupitia mahakama, kupata hukumu ambayo watu wote huiita kwa Kifaransa jugement supplétif, ndipo ofisi ya komuni iandike cheti. Inachukua muda, inachukua safari, na klabu iwasaidie wazazi kuifuata. Leteni ushahidi wa zamani: kadi ya chanjo, karatasi ya ubatizo, bulletin ya darasa la kwanza. Vitu hivyo vitatu vikikubaliana, mna mtoto mwenye umri wa kweli.

Msipunguze umri wa mtu. Najua wanafanya, na najua sababu zao. Lakini tangu 2009 FIFA hupiga picha za kifundo cha mkono katika mashindano ya chini ya miaka 17, na mtoto aliyepunguziwa miaka hujengwa juu ya mchanga: takwimu zake zote ni za mkubwa anayecheza na wadogo. Mnajidanganya wenyewe kabla ya kumdanganya mnunuzi.

Kisha leseni. Klabu iwe imeandikishwa kwenye entente (chama cha mpira) ya mji na kupitia hapo FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, na mtoto awe na leseni kila msimu tangu msimu anaotimiza miaka 12. Msimu usio na leseni, mbele ya sheria hamkumlea.

Faida yake ni hii. Mchezaji wa kulipwa anapohama kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Huu unaitwa mchango wa mshikamano. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada yote, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5. Chukua kijana aliyekaa kwenu tangu 12 hadi mwisho wa 17, kisha siku moja akauzwa kwa dola 1,000,000. Misimu minne ya kwanza ni dola 2,500 kila mmoja, jumla 10,000. Misimu miwili ya mwisho ni 5,000 kila mmoja, jumla 10,000. Mtapata dola 20,000. Akiuzwa tena nchi nyingine, mnapata tena. Fikiria Mbwana Samatta: African Lyon, Simba, kisha Mazembe mwaka 2011, Genk 2016, Aston Villa 2020. Katika njia kama hiyo, kila kituo cha mwanzo kina haki yake kila anapouzwa, kama kina karatasi.

Ya pili ni fidia ya mafunzo. Kijana anayesaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, kabla ya kuisha mwaka anaotimiza miaka 23, klabu mpya inawalipa wote waliomlea tangu 12 hadi 21. Hesabu hufuata daraja la klabu mpya. Ulaya madaraja huanzia euro 10,000 hadi 90,000 kwa mwaka mmoja wa malezi, ingawa miaka ya 12 hadi 15 huhesabiwa kwa kiwango cha chini. Kwa klabu za Afrika ni dola 2,000, 10,000 au 30,000, na klabu mpya ikiwa ya daraja la chini kabisa hailipi. Kwa wasichana fidia hii haipo, lakini mchango wa mshikamano upo.

Angalieni mtego. Kijana akitoka kwenu akasaini mkataba wa kwanza wa kulipwa na klabu kubwa ya hapahapa Kongo, kisha klabu hiyo ikamuuza Ulaya, fidia ya mafunzo ni yao peke yao. Ninyi mnabaki na mshikamano. Kwa hiyo siku ya kumwachia, andikeni mkataba kati ya klabu na klabu: asilimia fulani ya mauzo yajayo, sahihi mbili, muhuri, nakala tatu. Ombeni asilimia 15, mkipewa 10 msikatae. Klabu inaruhusiwa kubaki na asilimia hiyo. Mfanyabiashara haruhusiwi: tangu 2015 FIFA imekataza mtu wa nje kumiliki sehemu ya mchezaji. Tajiri wa mtaa akija na dola 2,000 ili “awe na nusu ya mtoto”, mwelezeni kwa adabu kwamba karatasi hiyo itawafungia mlango nyote. Na anayekuja na tiketi ya kumpeleka mtoto wa miaka 15 majaribio ng'ambo, mfungieni mlango bila maelezo mengi. Uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa wazi.

Tangu Novemba 2022 pesa za fidia na mshikamano hupitia FIFA Clearing House, ofisi ya FIFA ya kupitishia malipo haya, na hailipi kwenye akaunti ya rais wa timu. Fungueni akaunti ya benki yenye jina la klabu mapema, sahihi mbili. Klabu isiyo na akaunti itaona haki yake na haitaigusa.

Hatua ya 7: Shindeni kwa vitu visivyolipiwa

Wakati mnasubiri, lazima mshinde mechi, la sivyo hakuna atakayewaangalia vijana. FC Midtjylland ya Denmaki ilichukua ubingwa wake wa kwanza mwaka 2015, na silaha yake mojawapo ilikuwa mipira iliyosimama: kona, faulo, hata mipira ya kurusha. Mambo hayo hayahitaji mchezaji ghali. Yanahitaji kurudiwa.

Siku moja kwa wiki, dakika 40, ni kona na faulo tu. Chagueni mipango mitatu ya kona, ipeni majina ya mitaa ili mpinzani asielewe, na muandike kila moja imetoa mashuti mangapi. Baada ya kona 30, mpango usioleta shuti unafutwa, hata kama ni wa kocha. Na zile karatasi za mashuti mlizoandika kwa timu zote mbili zitaonyesha wapinzani wanaingia kwenu kupitia upande gani.

Hatua ya 8: Waacheni waende, na muendelee kuwaandika

Kwa kila nafasi uwanjani, kuwe na jina la pili ambalo tayari linafanya mazoezi na wakubwa. Mtu akiuzwa Agosti, msikimbie sokoni Septemba. Pesa ya kwanza kubwa isitumike kwa jezi wala sherehe. Sawazisheni tereni na mweke maji. Ardhi nzuri inafundisha kila siku.

Mchezaji akiondoka, faili lake haliendi kabatini. Mwisho wa kila Januari na kila Agosti, madirisha ya uhamisho mengi yanapofungwa, katibu afungue daftari la walioondoka na kumpigia kila mmoja: uko wapi, umesaini wapi, mkataba wa aina gani. Akihamia nchi nyingine, aombe FECOFA nakala ya pasipoti yake ya mchezaji (orodha ya klabu alizosajiliwa) na ahakikishe jina la klabu yenu limo kwa kila msimu mliomlea. Msimu ukikosekana, apeleke namba ya leseni siku hiyohiyo. Kisha amuulize kijana kama anakula, na ampe salamu za mama yake.